Mbwa aliyekula kuku wako alifundishwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Chalinze, aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba mbwa wa mtaani waliingia uani kwake usiku wakamaliza kuku 14, na kwamba dawa ni moja tu: kila kata itegwe nyama ya sumu, mbwa waishe. Nampa pole ya dhati. Kuku 14 si mchezo. Hiyo ni sare ya shule, ni mchango wa msiba, ni nauli ya kwenda hospitali ya mkoa. Lakini kwenye sumu tumeachana njia, na akinivumilia nitamweleza kwa nini.

Mimi ni mjane wa miaka 63, mkazi wa Muheza, pembeni ya barabara ya kwenda Amani. Marehemu aliniachia michungwa 40, na chini ya michungwa hiyo ndipo wanapochakura kuku wangu wa kienyeji. Leo asubuhi wakati nawamwagia paraza nimehesabu 57, vifaranga sijawatia. Yai nauza shilingi 500, jogoo aliyeshiba 25,000, na Idi ikikaribia wanunuzi wananifuata wenyewe mpaka mlangoni. Siyo mradi mkubwa, ila kwa huo nimesomesha wajukuu wawili na sijawahi kumpigia mtu simu kuomba hela ya chumvi.

Anayefuga kuku anajua kwamba viumbe wote wenye meno wamesikia habari zake. Mwewe anatoka juu, anachukua kifaranga mchana kweupe huku unamwangalia. Nguchiro anakuja saa za adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza. Kenge anapenda mayai. Na kicheche, huyo ndiye hasa.

Masika ya 2021 niliamka alfajiri kuswali, nikasikia kimya. Wenye kuku wanakijua kimya hicho. Jogoo hakuwika. Nikachukua tochi, nikafungua banda: kuku 11 chini, 9 hawana vichwa, mmoja bado anapigapiga bawa moja kwenye kinyesi. Aliyeua hakula hata robo yao. Nilikuwa nimezungushia wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita tunaoununua kwa mita, nikajiona nimemaliza kazi. Wavu ule umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Kicheche anapita penye upenyo ambao mimi mkono wangu hauingii, na pale pasipopitika anachimba chini. Sasa nimeweka waya mgumu wa matundu madogo, nikaufukia ardhini kiasi cha dhiraa, na banda nimeliinua juu ya nguzo. Hilo ni la kwanza, kabla ya habari za mbwa. Mbwa hazibi tundu.

Mjukuu wangu aliposikia msiba ule aliniletea mbwa mkubwa kutoka Tanga mjini, dume, jina lake Simba, kama nusu ya mbwa wote wa nchi hii. Wiki ya kwanza Simba akaonja mayai. Shoga yangu akanipa dawa ya wazee: toboa yai, toa ute, jaza pilipili ya kusaga, liweke kiotani. Nikafanya. Simba akalila, akapiga chafya mbili, akalamba ganda, kisha akaja kunikalia mbele kama anayeuliza kama kuna jingine. Mwezi wa pili akaua tetea watatu. Nikamrudisha alikotoka, nikaapa sifugi tena mbwa.

Hasira zilipopoa ndipo nilipojiuliza: hivi huyu nani alimfundisha? Mhariri, jibu halikunipendeza. Nilimfundisha mimi. Nikichinja kuku, vichwa na utumbo nilimtupia Simba vibichi, na manyoya yake. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ulipopita mtaani kwetu, kuku waliokufa niliwarusha nyuma ya choo, na yeye akawafuata huko. Halafu chakula chake kingine kilikuwa ukoko wa ugali siku ukipatikana. Sasa mnyama mwenye njaa, anayepewa kuku leo kwa mkono wangu, kesho anajuaje kwamba huyu anayetembea ni mwiko na yule aliyelala ni halali?

Na hilo la mizoga nalisema kwa sauti, maana naliona kila nyumba. Kuku aliyekufa kwa mdondo hatupwi kichakani wala hapewi mbwa. Anachomwa au anafukiwa shimo refu. Mbwa anayeburuta mzoga kutoka ua hadi ua anautembeza ugonjwa mtaa mzima, kisha tunakaa barazani tunasema mwaka huu upepo mbaya.

Mapema 2022 nikasikia kwamba mfanyakazi mmoja wa shamba la mkonge ana mbwa jike anayelala na mbuzi, na amezaa. Nikaenda kuangalia. Nikamkuta mama kajilaza katikati ya mbuzi, mwanambuzi kapanda mgongoni mwake, yeye wala. Nikachukua mtoto mmoja wa miezi miwili, jike, rangi ya udongo, masikio yameanguka, mbwa wa kienyeji kabisa. Sikutoa hela, nilipeleka machungwa.

Jina lake ni Waache. Lilikuja lenyewe, maana kabla hajamaliza wiki maneno yalishajaa mtaani. Bibi yule kila Ijumaa yuko msikitini, na uani kafuga mbwa! Jirani mmoja, tena tunaheshimiana, aliniuliza waziwazi, "Bi mkubwa, Uislamu na mbwa wapi na wapi?" Nikamwambia twende wote tukamuulize ustaadhi. Ustaadhi akatusomea hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Jirani hakukubali kushindwa, akasema mifugo ni mbuzi na ng'ombe, kuku si mifugo. Nikasema basi ustaadhi niandikie kwenye shamba, michungwa 40 inatosha. Ustaadhi alicheka mpaka akavua miwani.

Haina maana kwamba nimelegeza. Waache haingii ndani. Ana sufuria lake kuukuu lisilochanganywa na vyombo, ana banda lake la makuti ubavuni mwa banda la kuku, na nguo ya kushughulika naye si ya kuswalia. Mate yake yakigusa chombo changu naosha mara 7, moja kwa udongo, kama tulivyosoma chuoni tukiwa wadogo. Mbwa mwenyewe halalamiki. Amezoea kizingiti chake, kama yule mbwa wa watu wa pangoni katika Kurani.

Sasa malezi, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa kwanza alilala kwenye kibanda kilichopakana na kuku, waya tu katikati. Usiku kucha anawasikia wakijigeuzageuza, anawanusa, wanamzoea. Asubuhi naingia naye kwa kamba fupi, nawapa kuku kwanza, yeye ananisubiri, kisha napita naye taratibu katikati yao. Akimkodolea kuku macho namvuta na kusema "E-e!", mara moja, bila kelele nyingi na bila fimbo. Akigeuza uso au akilala chini nampa dagaa mmoja. Wiki ya tatu akajipeleka mwenyewe kunusa vifaranga. Kuku koo hakusubiri maelezo: alimrukia akamdonoa puani, damu. Mtoto wa mbwa alilia kama aliyeunguzwa, akajificha nyuma ya kanga yangu. Somo lile alipewa na kuku mwenyewe, na mpaka leo akiona kuku mwenye vifaranga anazunguka mbali kama mtu anayempisha mama mkwe.

Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa waliochemshwa, au vichwa vya samaki, asubuhi na jioni, saa zilezile. Kuku hapewi kwa namna yoyote, labda mabaki ya kuku aliyepikwa, na hayo bila mifupa. Mayai naokota mara mbili kwa siku, saa 4 na saa 9, ili lisibaki yai la kumjaribu mtu.

Wengi wanaharibu kwenye miezi 7 mpaka mwaka na kitu. Hapo mbwa anabalehe, anakuwa kijana, na kijana mnamjua. Siku moja nilimkuta Waache anamfukuza tetea kuzunguka mchungwa, kamchomoa manyoya ya mkia, ulimi nje, mkia juu, furaha tupu. Yeye aliona mchezo. Tetea alikufa kesho yake. Nikakumbuka Simba, nikataka kumfukuza. Kisha nikajizuia, nikamrudisha kwenye kamba miezi miwili mizima kama mtoto aliyerudia darasa, nikawa namtembeza shambani asubuhi apunguze nguvu, nikampa mfupa wa ng'ombe atafune. Kuna mtu alinishauri nimfunge Waache mzoga wa yule tetea shingoni mpaka uozee hapo. Ushauri huo nimeusikia tangu utoto, na sijawahi kuona mbwa aliyepona kwa huo. Nimeona walionuka. Kumwacha peke yake na vifaranga nilianza alipotimiza mwaka mmoja na nusu, si kabla.

Na leo? Leo nikiwa kitandani najua kilichoko uani kwa sauti yake. Ana kubweka kwa mtu: kuzito, kunakaa mahali pamoja. Ana kubweka kwa mnyama: kwembamba, kunakwenda mbio kwenye michungwa na kurudi. Na ana kubweka kwa mwezi tu, kwa uvivu, ambako siamki. Mwaka juzi nilisikia ile nzito, nikawasha taa ya nje. Asubuhi nikaokota kandambili moja na gunia jipya penye michongoma. Gunia ninalo, nawekea pumba.

Lakini linalonistaajabisha zaidi ni la mwewe, maana hilo sikumfundisha. Alijifunza kwa kuku. Mwewe akitokea juu ya minazi ya jirani, koo hutoa ule mlio wake mmoja mrefu, vifaranga wanapotea chini ya majani. Waache anajua mlio huo. Anainuka hata kama alikuwa anakula, anakikimbilia kivuli cha mwewe kinavyotambaa ardhini, anakibwekea kivuli, hatazami juu. Anakifukuza kutoka mchungwa hadi mchungwa mpaka kitoke kwenye shamba. Mwewe naye kelele zinamchosha, anaenda kwa wengine. Tangu hapo nimepoteza vifaranga wawili kwa mwewe, na zamani nilikuwa napoteza wawili kwa wiki.

Mjukuu wangu aliniona nimekolea akanionyesha kwenye simu mambo ya nchi za watu. Kule Australia, mji wa Warrnambool, kuna kisiwa kidogo ambacho maji yakipwa mbweha walikuwa wanavuka kwa miguu na kula pengwini. Pengwini walikuwa mamia, kufika 2005 wakabaki wasiofika 10. Mfugaji mmoja wa kuku, aliyekuwa akilinda kuku wake kwa mbwa weupe wa Kiitalia waitwao Maremma, akasema wekeni mbwa. Mwaka 2006 wakawekwa, na pengwini wakaongezeka tena. Namibia nako, tangu 1994, shirika la kuhifadhi duma linawapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki walinde mbuzi, ili mfugaji asiwe na sababu ya kumpiga duma risasi. Sasa vijana wakiona hivyo wananiuliza, bibi, hao mbwa wanauzwa wapi? Mimi nawaambia mbwa mwenye koti la manyoya lile, joto la Tanga mwezi wa pili litamuua kabla ya kicheche kufika. Botswana wafugaji wanalinda mbuzi wao kwa mbwa wao wa kienyeji, hawa hawa wa rangi ya udongo, wala hawajapungukiwa kitu. Ukimchukua mapema, ukamlisha, ukampitisha ile kamba, wa kwetu anafanya.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Mbwa hazuii mdondo. Mdondo unazuiwa na tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wangu, kwa hiyo tunachangishana majirani watano, tunachanja jioni kuku wakiwa wamepanda, mmoja anashika, mmoja anadondosha. Jirani wa Uislamu na mbwa wapi na wapi naye yumo, ndiye mwenye mkono usiotetemeka. Swila, nyoka wa kutema sumu, pia mbwa anamwona, ila nyoka anamlipa: mwaka jana alimtemea Waache macho yote mawili, nikamsuuza kwa maji ndoo nzima, siku mbili akawa anapapasa ukuta, kisha Mungu akamjalia. Halafu mbwa jike akiingia joto, madume ya kata nzima yanahamia kwako. Safari ya kwanza sikumfungia, na dume moja lililoruka michongoma lilinilia kuku aliyekuwa analalia. Kwa hiyo msomaji wa Chalinze asidhani sijui uchungu wake. Dume lile nililitazama usoni: mbavu zinahesabika, shingoni kipande cha kamba iliyokatika. Lilikuwa la mtu.

Hapo ndipo ninapokataa sumu. Nyama ya sumu haiulizi nani kala kuku. Ataila Waache aliyechanjwa, atakula paka, atadonoa kuku, na Mungu apishie mbali, ataokota mtoto. Mbwa wakiisha kata hii, wataingia wa kata ya pili ambao hakuna anayejua wamechanjwa au la. Wataalamu wa afya wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, kichaa cha mbwa kinakatika mahali hapo. Ugonjwa huo dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na walio hatarini zaidi ni watoto. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila kupaka chochote cha kienyeji, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Lakini hao 70 watachanjwaje? Mwaka jana gari la matangazo lilipita kwetu saa 2 asubuhi: chanjo ya mbwa ni leo, leo hii, mwisho saa 6 mchana. Nilimfunga Waache kamba. Bodaboda wa kwanza akakataa, wa pili akataka shilingi 5,000 na mbwa awe amelala. Tukaenda kwa miguu, kama kilomita 5, jua hilo, mbwa kachoka mimi nimechoka. Tulifika saa 5 na dakika 40. Kijana alikuwa anafunga boksi la barafu. "Shikamoo bibi, dozi zimekwisha." Marahaba. Nyuma yangu walikuwa watoto wanne na mbwa wao watatu, mmoja kafungwa kwa mtandio wa mama yake. Tukarudi hivyohivyo. Baadaye nililipa daktari wa mifugo binafsi aje nyumbani, na wale watatu mpaka leo sijui.

Ombi langu kwa wahusika, kupitia gazeti lako, ni dogo. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, inajulikana mwaka mzima mapema. Watutangazie Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani, wiki moja kabla. Wafuate mbwa vitongojini badala ya kutungoja ofisini. Waje na dozi za kutosha, na kama inawezekana wawafunge kizazi mbwa ambao wenyewe tunakubali. Fedha ya sumu itoshe hapo.

Waache amezaa mwezi uliopita, watoto 5, ubavuni mwa banda la kuku, kwa hiyo pua zao zimeanza shule mapema. Wawili wameshaombwa. Watatu waliobaki siuzi, lakini pia sitoi kwa kila mtu: anayetaka aje na picha ya banda lake kwenye simu, anieleze mbwa atakula nini na atalala wapi. Msomaji wa Chalinze akitaka, nitamwekea jike mmoja mwenye doa jeupe kifuani. Ashuke stendi ya Muheza aulize bibi mwenye mbwa. Watamwonyesha njia, na watamwambia na mengine. Waache.

Mfugaji wa kuku,
Muheza, Tanga
(Jina na anuani vimehifadhiwa)